RAM na Hifadhi Unaponunua Laptopu Nyembamba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Zamani mtu alinunua laptopu ya bei ndogo, akaitumia mwaka mmoja, ikianza kumchosha akaipeleka kwa fundi akaongezewa RAM. Kwa laptopu nyembamba za leo uamuzi huo unafanyika siku ileile ya kununua, mbele ya vitufe vitatu vyenye namba 8, 16 na 32, na ukishabonyeza umebonyeza. Maswali haya nimeulizwa na ndugu, na wafanyakazi wenzangu, na watu ambao kadi ya benki ilikuwa tayari iko mkononi. Majibu yangu yana upande, kwa hiyo nautaja mapema: pesa ya ziada ikitosha kitu kimoja tu, iende kwenye RAM. Wapo wasiofaa kuufuata ushauri huu, nao nimewataja kila inapobidi.

Nikiambiwa laptopu ina "memori 512", nimeambiwa nini hasa?

Umeambiwa hifadhi, ila kwa jina la kitu kingine. Neno memori hutumika ovyo na ndipo watu wanapopotea. Chukua barua unayoichapa sasa hivi na hujaihifadhi bado: hiyo iko kwenye RAM. Kompyuta ikizimika ghafla, imekwenda. Barua ya wiki iliyopita uliyokwisha kuihifadhi iko kwenye diski, na utaikuta hata kama laptopu ilikaa imezimwa miezi mitatu. RAM ni ya kazi inayoendelea, diski ni ya vitu vinavyokaa.

Kwenye matangazo, "16/512" ni GB 16 za RAM na GB 512 za hifadhi. Namba ndogo ndiyo RAM. Tangazo likitaja namba moja tu, usijibahatishie, uliza ile nyingine.

Si ninunue ya RAM ndogo, fundi aniongezee baadaye?

Kwa laptopu nene, mara nyingi inawezekana. Kwa nyembamba, mara nyingi haiwezekani, kwa sababu chipu za RAM zimelehemiwa moja kwa moja kwenye ubao mama, ile ambayo mafundi huiita madabodi. Hakuna kijiti cha kuchomoa wala sloti ya kuchomekea. Wenyewe husema "imechomelewa", na wakishasema hivyo mazungumzo yameisha.

Njia ya haraka ya kujua ni kutafuta herufi mbili kwenye orodha ya vipimo: LP. Ukiona LPDDR4X, LPDDR5 au LPDDR5X, chukulia kwamba imechomelewa. Kuna aina mpya ya moduli inayoitwa LPCAMM2, iliyoanza kuonekana kwenye laptopu mwaka 2024, ambayo ni LPDDR inayofunguliwa kwa skrubu, lakini bado ni adimu na laptopu iliyo nayo huitangaza kwa sauti. Ukiona DDR4 au DDR5 bila LP mbele, kuna matumaini, ila si uhakika: DDR5 ya kawaida nayo huweza kuchomelewa.

Kuna pia laptopu ambazo RAM haipo hata kwenye ubao, imo ndani ya kifurushi kimoja na prosesa. Apple walianza hivyo na chipu ya M1 mwaka 2020, na Intel wakafanya hivyo kwenye prosesa za Core Ultra 200V mwaka 2024, ambazo hutoka na GB 16 au 32, basi. Hapo hata fundi hodari kuliko wote hana pa kushika.

Upande wa hifadhi hali ni nafuu. Laptopu nyingi nyembamba za Windows bado zina SSD (diski ya chipu, isiyozunguka) ya aina ya M.2, kijibamba chembamba kilichoshikwa na skrubu moja, na hicho kinabadilishika. Zisizobadilishika ni zenye eMMC au UFS, hifadhi iliyochomelewa kwenye ubao, ambazo kwa kawaida ni mashine za bei ya chini kabisa, na MacBook Air za miaka ya karibuni.

Nithibitishe wapi? Muuzaji anasema inaongezeka.

Muuzaji anaweza kuwa mkweli na bado akakosea, maana jina moja la laptopu hubeba matoleo mengi. Tafuta mwongozo wa matengenezo wa mfano wako kamili. Dell, HP na Lenovo huweka miongozo hiyo kwenye tovuti zao bure, yenye picha za ndani, na kama kuna sura ya kuchomoa RAM basi RAM inachomoka. Sura hiyo isipokuwepo, umeshapata jibu.

Kama laptopu iko mbele yako na inaendeshwa na Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager, nenda sehemu ya Performance kisha Memory. Chini pale kuna mstari unaoitwa Form factor. Ukiandikwa SODIMM, kuna vijiti. Ukiandikwa Row of chips, ni safu ya chipu zilizochomelewa. Ukaguzi wote ni wa dakika moja, na muuzaji mwenye nia njema hatakukataza.

Mimi mwenyewe niliwahi kuingia mkenge hapa. Nilisoma uhakiki mmoja uliosema laptopu fulani ina sloti moja ya RAM iliyo wazi, nikaagiza ya GB 8 pamoja na kijiti cha GB 8 kando, nikijiona mjanja. Nilipofungua kifuniko cha chini nikakuta mahali pa sloti kweli papo: vipande vya shaba vimepangwa mistari miwili, alama za nyeupe zimechapwa pembeni kwenye ubao, na sloti yenyewe hakuna. Hawakuiweka kwenye toleo langu. Jina la laptopu lilikuwa lilelile. Tofauti ilikuwa herufi moja mwishoni mwa namba ya mfano.

Kuchomelea RAM ni ujanja wa kibiashara tu?

Nusu kwa nusu. Sloti na kijiti huongeza unene. LPDDR hutumia umeme mdogo, hasa laptopu ikiwa imelala. Na waya fupi kati ya RAM na prosesa huruhusu kasi kubwa zaidi. Hizo ni sababu za kweli za kihandisi. MacBook Air ya kwanza kabisa, ya mwaka 2008, ilikuwa na GB 2 za RAM zilizochomelewa, na wembamba ndio ulikuwa hoja yake yote.

Nusu ya pili ni bei. Mtengenezaji akijua huna pa kwenda kuongeza, pengo la bei kati ya GB 8 na 16 analipanga yeye. Hilo huwezi kulikwepa, unaweza tu kulilipa mara moja kwa akili badala ya kulilipa mara mbili kwa kununua laptopu nyingine mapema.

GB 8 zinatosha?

Zinatosha kuwasha na kufanya kitu kimoja kwa wakati. Mtu anayeandika nyaraka, anayesoma barua pepe na kutazama video, akiwa na vichupo vichache kwenye kivinjari, ataishi nazo leo bila shida kubwa. Swali ni kama ataishi nazo mwaka wa nne.

Siku ya kazi ya kawaida huenda hivi. Kikao cha video kimefunguka. Kivinjari kina vichupo ishirini, viwili kati yake ni lahajedwali za mtandaoni. Programu ya ujumbe iko pembeni, nayo ndani yake ni kivinjari kingine kilichojificha, kama zilivyo programu nyingi za siku hizi. Kinga ya virusi inafanya kazi chini kwa chini. Unashiriki skrini, na hapo mshale wa kipanya unaanza kuruka badala ya kuteleza. Sauti yako inakatika kwa wengine. Unafunga vichupo kwa haraka huku unasema "samahani, mtandao wangu". Si mtandao.

Jambo jingine halisemwi dukani: laptopu nyembamba nyingi hazina kadi ya picha ya peke yake, kwa hiyo picha zinazoonekana kwenye skrini hukatiwa nafasi humohumo kwenye RAM. Namba 8 iliyoandikwa kwenye boksi si 8 utakayotumia wewe.

Windows 11 kwa maandishi inahitaji angalau GB 4 za RAM na GB 64 za hifadhi. Hicho ni kiwango cha kuruhusiwa kuiweka, kuifurahia ni habari nyingine. Dalili nzuri zaidi ni mienendo ya makampuni yenyewe: mwaka 2024 Microsoft waliweka GB 16 kuwa kima cha chini cha kompyuta za Copilot+, zile za Windows zenye vipengele vya akili bandia, na Oktoba ya mwaka huohuo Apple wakapandisha MacBook Air zilizokuwa zikianzia 8 hadi 16 bila kuongeza bei ya kuanzia. Ukiwa unanunua mpya ya kukaa nayo miaka minne au mitano, na RAM imechomelewa, anza na 16. Huo ndio ushauri wangu na sioni sababu ya kuuzungusha.

Nimesikia 8 za Mac ni sawa na 16 za Windows. Kweli?

Hapana. Mac hubana data iliyomo kwenye RAM kwa ustadi, na diski yake ni ya kasi, kwa hiyo ikizidiwa huficha kuzidiwa kwake vizuri zaidi. Lakini Windows nayo hubana. Faili la picha la GB 5 ni GB 5 kila mahali.

RAM ikijaa si kompyuta hutumia diski? SSD za sasa zina kasi sana.

Ndiyo, inaitwa kumbukumbu pepe, na ndiyo sababu kompyuta yako haigandi moja kwa moja. Vitu ambavyo hujavigusa kwa muda huhamishiwa kwenye diski, ukivitaka vinarudishwa. Tatizo liko kwenye vipimo. LPDDR5 ya kasi 6400 kwenye njia ya biti 128 hupitisha takriban GB 102 kwa sekunde. SSD nzuri ya PCIe 4.0, njia inayoiunganisha na ubao, hupitisha kama GB 7. Na kasi ya kupitisha bado si jambo baya zaidi: muda wa kusubiri kabla data haijaanza kuja hupimwa kwa nanosekunde kwenye RAM na kwa mikrosekunde kwenye SSD, yaani tofauti ya mamia ya mara. Ukibadili kichupo kimoja hutaona kitu. Ukiwa unaruka kati ya programu nne nzito, utaona.

Nitajuaje ninachohitaji mimi, si mtu mwingine?

Iulize laptopu unayotumia sasa. Fanya kazi yako siku nzima kama kawaida, usiisafishe wala usiifungie vitu kwa sababu unaipima, halafu ile saa yenye pilikapilika kuliko zote fungua Task Manager. Usitazame tu asilimia ya RAM iliyotumika, kwa sababu mfumo mzuri hujaza RAM iliyo wazi kwa makusudi, ili programu zifunguke haraka. Tazama namba ya Committed: hiyo ni jumla ya kumbukumbu ambayo programu zako zimeahidiwa. Ikiwa unayo GB 8 na Committed inasoma 13, ujue sehemu ya ahadi hizo inaegemea kwenye diski.

Kwenye Mac fungua Activity Monitor, upande wa Memory, utazame grafu ya shinikizo. Kijani ni salama hata kama RAM inaonekana imejaa. Njano ikikaa muda mrefu, umeshafika ukingoni. Kwenye Linux andika `free -h`, usome safu ya available wala si ile ya free, ambayo huwatisha watu bure.

Ukishapata namba yako ya saa ya pilikapilika, iongezee nusu yake. Kanuni hii ni yangu tu, lakini haijawahi kuniangusha.

Nani anahitaji 32?

Anayeendesha kompyuta pepe ndani ya kompyuta yake. Mtengeneza programu mwenye kontena kadhaa zinazokimbia kwa pamoja. Mhariri wa video za 4K zenye tabaka nyingi. Na kundi jipya: wanaotaka kuendesha modeli za lugha za akili bandia kwenye mashine yao wenyewe. Modeli ya vigezo bilioni 8 iliyobanwa hadi biti 4 hula GB 5 hivi peke yake, kabla hujafungua kitu kingine. Ya bilioni 70 kwa ubanaji huohuo hupita GB 35, kwa hiyo hata 32 haitoshi.

Wengine wote, 32 ni anasa. Si dhambi, lakini kama kuinunua kunakulazimisha ukubali skrini mbaya au kibodi inayochosha vidole, acha. Skrini utaitazama kila siku. GB 16 za ziada zilizokaa bure hutaziona kamwe.

Hifadhi: 256, 512 au TB 1?

Kwanza ujue hutazipata zote unazoandikiwa. Mtengenezaji huhesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja. Windows huhesabu kwa vipimo vya 1024 na bado huandika GB. Kwa hiyo 256 huonekana 238, 512 huonekana 476, na TB 1 huonekana 931. Hakuna aliyekuibia. Ondoa mfumo wenyewe, faili la kumbukumbu pepe, na nafasi ya masasisho makubwa, kisha acha angalau sehemu moja ya kumi ikiwa wazi, maana SSD iliyojaa pomoni huandika polepole.

Ukifika hapo, 256 imebaki kama 170 za kwako. Zinamtosha mtu ambaye vitu vyake vingi viko mtandaoni. Hazimtoshi mtu mwenye simu ya kupiga video: iPhone inayorekodi 4K kwa fremu 30 kwa sekunde hutumia takriban MB 170 kwa dakika, kwa hiyo sherehe ya saa mbili ni GB 20. Tena anayehifadhi nakala rudufu ya simu kwenye laptopu anaweza kukuta GB 60 zimepotea mahali ambapo hakumbuki kuweka chochote. Hilo nimeliona mara nyingi, na kila mara mwenye laptopu huapa kwamba ni virusi.

Kwa wengi, 512 ndipo pa kusimama. TB 1 nunua ukiwa na maktaba kubwa ya picha au michezo ya kompyuta, au kama hifadhi nayo imechomelewa na unajua huna subira ya kusafisha.

Ni kweli diski ndogo huwa na kasi ndogo?

Mara nyingi. Ndani ya SSD data huandikwa kwenye chipu kadhaa kwa wakati mmoja, kwa hiyo chipu chache ni njia chache. Mfano unaojulikana ni MacBook Air ya M2 ya mwaka 2022: toleo la GB 256 lilikuwa na chipu moja ya hifadhi wakati ile ya M1 ilikuwa na mbili, na kasi ya kusoma ikashuka hadi karibu nusu. Kwa kuandika barua hutagundua. Kwa mashine ya RAM 8 inayokimbilia diski kila dakika, utagundua.

Naweza kuchukua diski ndogo, kisha nitumie diski ya nje?

Hii ndiyo sababu naweka RAM mbele. Hifadhi unaweza kuinunua mwakani, ikaning'inia kwenye waya, na ikafanya kazi. RAM haina toleo la nje. Diski ya nje inafaa sana kwa picha za zamani, video zilizokwisha kuhaririwa na nakala rudufu. Haifai kwa programu unazotumia kila siku wala folda ambayo ukiikosa kazi inasimama, kwa sababu siku moja utaisahau nyumbani.

Angalia waya. Waya ya USB-C iliyokuja na chaja ya simu au laptopu mara nyingi ni ya USB 2.0 upande wa data, yaani megabiti 480 kwa sekunde, ambayo kwa vitendo ni kama MB 40. Diski yako inaweza kufikisha MB 1000 kwenye USB ya gigabiti 10, halafu ukailaumu bure kwa kosa la waya. Tumia waya iliyokuja na diski yenyewe.

Na jihadhari na diski ya nje ya TB nyingi kwa bei ya flashi. Zipo zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitangaze kubwa: unanakili, zinakubali, faili za mwanzo zinafutwa kimyakimya. Programu za bure kama H2testw au F3 hujaza diski nzima kisha huisoma upya, na uongo hujitokeza.

Vipi hifadhi ya mtandaoni?

Nzuri kama nakala ya pili. Kama ndiyo mahali pekee, jiulize utafanya nini intaneti ikikatika au usajili ukiisha.

Nabadilishaje SSD mwenyewe?

Kama ni M.2, ni kazi ya nusu saa, na ugumu wake uko kabla ya kushika bisibisi. Kwanza hakikisha urefu. Namba 2230, 2242 na 2280 zinasema upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 30, 42 au 80. Laptopu nyembamba mara nyingine hukubali fupi tu. Pili, angalia kama SSD ina chipu upande mmoja au pande zote mbili. Yenye chipu pande mbili ni nene kidogo, na kwenye mashine nyembamba "kidogo" hicho kinatosha kuzuia kifuniko kufunga. Tatu, kama Windows imesimbwa kwa BitLocker, kufuli yake ya diski, chukua ufunguo wa kurejesha kabla ya yote. Wengi hugundua kwamba diski yao ilikuwa imesimbwa siku wanapoulizwa tarakimu 48.

Ndani, kitu cha kwanza kugusa ni plagi ya betri: ichomoe kwenye ubao. Kisha toa ile skrubu moja. SSD ya zamani itainuka yenyewe kwa pembe, kama imechoka kulala, uivute kwa mshazari. Mpya iingie kwa pembe ileile hadi meno ya shaba yasionekane, ibonyeze ilale, rudisha skrubu. Ikigoma kuingia usiilazimishe. Umeigeuza, au ni aina nyingine. Skrubu hizo ni ndogo kuliko punje ya mchele, kwa hiyo fanyia kazi juu ya kitambaa cheupe.

Laptopu yangu ina GB 8 zilizochomelewa na sloti moja wazi. Niweke ngapi?

Weka 8 nyingine, zipatane. RAM mbili zinazolingana hufanya kazi kwa njia mbili sambamba, na kadi ya picha iliyo ndani ya prosesa hufaidika kuliko yeyote. Ukiweka 16, utapata jumla ya 24, ila GB 8 za juu zitapita njia moja tu. Bado ni bora kuliko kukosa. Hakikisha aina: kijiti cha DDR4 hakiingii kwenye sloti ya DDR5, mkato wake uko mahali tofauti.

RAM kubwa inamaliza betri?

Kiasi ambacho hutakiona.

Nichague prosesa bora au RAM zaidi?

RAM. Prosesa ya daraja la kati yenye 16 itakupa siku tulivu kuliko prosesa ya juu yenye 8, kwa sababu prosesa inayosubiri diski haina kazi ya kufanya, haijalishi ina kasi gani. Angalia tu kwamba matoleo mengine huuza vitu hivi kwa pamoja: ili upate 16 unalazimishwa kuchukua prosesa ya juu na diski ya TB 1. Hapo tafuta kampuni nyingine kabla hujakubali.

SSD huchakaa. Iliyochomelewa ikifa?

Kuchakaa kwa kuandika ni polepole kuliko hofu yake. SSD ya kawaida ya GB 500 huweza kudhaminiwa kwa kuandikiwa TB 300. Ukiandika GB 40 kila siku, ni miaka 20. Hatari ya kweli ni hitilafu nyingine kwenye ubao, maji au umeme uliopanda. SSD ya M.2 utaichomoa uisome kwenye mashine nyingine. Iliyochomelewa huwezi, na kwenye Mac zenye chipu za Apple data imesimbwa kwa funguo zilizofungwa ndani ya chipu hiyohiyo, kwa hiyo ubao ukifa data imekufa nao. Mwenye laptopu ya aina hiyo bila nakala rudufu anaishi kwa bahati.

Nimeshanunua ya GB 8 iliyochomelewa. Sasa?

Kama muda wa kurudisha haujapita, rudisha leo, wala usisubiri uizoee. Kama umepita, anza na programu zinazojiwasha zenyewe: kwenye Task Manager nenda Startup apps uzime kila usichokihitaji dakika ile unapowasha kompyuta. Washa kipengele cha kuokoa kumbukumbu kwenye kivinjari, Chrome na Edge vyote vinacho, kinalaza vichupo usivyovigusa. Kikao cha video kifungulie ndani ya kivinjari badala ya kuongeza programu nyingine juu yake. Acha GB 40 au 50 wazi kwenye diski ili kumbukumbu pepe ipumue. Na ile tabia ya kufunga kifuniko wiki nzima bila kuzima, vunja: izime na kuiwasha upya kila baada ya siku mbili tatu, utashangaa ni vitu vingapi vilikuwa vimekaa humo vinakula RAM bila wewe kuvihitaji.